Mitego ya chambo kwa nzi wa matunda: kuitengeneza, kuitundika na kuitunza kwenye maembe

Embe ukilichuma unaliona zima, halina kasoro. Ligeuze polepole juani utaona kidoa kimoja kama kimechomwa sindano, pengine na mchirizi wa utomvu uliokauka chini yake. Siku tatu baadaye ngozi imelegea mahali pale, na ukikata unakuta funza weupe. Hilo si embe lililoiva vibaya. Lilitobolewa likiwa bado mtini, na dawa ya kulitibu baada ya hapo haipo.

Nina ekari mbili za miembe Mkuranga, mkoani Pwani: Dodo na Bolibo za zamani, na mistari ya Apple na Kent niliyoipanda baadaye. Msimu wangu wa kwanza wa mitego nilitundika chupa zenye kivutio kimoja tu, kile cha duka la pembejeo. Zilijaa. Kila asubuhi nilikuta nzi wengi wakielea, nikaamini kazi imekwisha. Wakati wa kuchuma, karibu embe moja kati ya matatu lilikuwa na funza. Baadaye bwana shamba mmoja aliwamwaga wale nzi wangu juu ya karatasi, akanionyesha matako yao mmoja baada ya mwingine: wote madume. Anayetoboa embe ni jike, na kati ya waliokufa mle ndani jike hakuwamo hata mmoja.

Yote ninayoeleza hapa yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Mjue unayemtega

Nzi ninayemzungumzia si vile vinzi vidogo vinavyorukaruka juu ya ndizi mbivu jikoni. Vile hufuata uchachu wa tunda lililoiva kupita kiasi, ndiyo maana mitego ya siki inayosambazwa kwenye simu hufaa jikoni lakini shambani haikamati kitu cha maana. Nzi wa shambani hutoboa tunda zima, mara nyingi likiwa bado la kijani.

Kwenye maembe yetu wapo wawili wa kuwatambua kwanza. Mmoja ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia. Alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akapatikana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens wakidhani ni spishi mpya. Miaka 10 baadaye ikakubalika kuwa ni yuleyule wa Asia. Huyu ndiye aliyeifanya Kenya isimamishe yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021. Ukubwa wake unakaribia nzi wa nyumbani. Mgongo wake ni wa kahawia hadi mweusi, una mistari miwili ya njano kandokando, na tumboni ana alama nyeusi kama herufi T. Mabawa yake ni maangavu.

Wa pili ni Ceratitis cosyra, mwenyeji wa Afrika. Ni mdogo zaidi, rangi yake ni ya manjano, na mabawa yake yana mabaka. Ukiona nzi mwenye mabawa ya madoadoa kwenye mtego wako, ni wa jamii hii.

Jike hupenyeza mayai chini ya ganda la embe. Kwa siku moja au mbili yanaanguliwa, na funza hula nyama ya tunda kwa siku kama 10. Wakikomaa hutoka, hujirusha kwa kujikunja kama upinde, kisha hujichimbia udongoni sentimita chache tu. Hapo hugeuka pupa, kitu cha kahawia mfano wa punje ya mpunga iliyokobolewa, na baada ya siku 10 hadi 12 nzi mpya hupanda juu. Kwa joto la pwani, mwezi mmoja unatosha kizazi kizima kuzaliwa na kingine kuanza.

Katika mzunguko huo kuna mahali pamoja ambapo jike ni dhaifu. Akitoka udongoni hawezi kutaga siku hiyohiyo. Anahitaji wiki moja au zaidi ya kula, na hasa anahitaji protini ili mayai yakomae tumboni. Huitafuta kwenye kinyesi cha ndege juu ya majani, kwenye utomvu, kwenye chochote kinachochacha na kutoa harufu kali. Chambo cha hamira humvuta kwa njaa hiyo, kabla hajafika kwenye embe lako.

Kwanza, okota

Najua umekuja kusoma habari za mitego, lakini kama chini ya miembe yako yamelala maembe yaliyooza, usitundike chupa hata moja kwanza. Embe moja lililoanguka linaweza kutoa makumi ya nzi, na hakuna mtego unaoweza kwenda sawa na kasi hiyo.

Okota mara mbili kwa wiki, pamoja na yale yanayoning'inia mtini yakiwa yameanza kuoza. Kisha usiyarundike pembeni ya shamba, kwa sababu hapo umewahamisha tu. Njia ninayoipenda ni mifuko myeusi ya plastiki isiyotoboka: jaza, funga mdomo kwa kamba, acha juani wiki mbili. Joto la ndani huwaua funza wote. Anayechagua kufukia achimbe shimo la kina cha sentimita 60 au zaidi, afunike na kushindilia. Shimo la kina kifupi ni kitalu cha nzi.

Kuku wakipekua chini ya miti husaidia pia, kwani hula funza na pupa.

Chupa

Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha. Isuuze. Pasha moto msumari au kipande cha nondo nyembamba, toboa matundu manne kuzunguka chupa, sehemu ya juu, chini kidogo ya mabega yake. Kila tundu liwe na upana wa sentimita moja hivi, yaani kidole chako kidogo kisipite kwa urahisi. Matundu makubwa huruhusu nzi kutoka walivyoingia, tena mvua hujaa humo. Kutoboa kwa moto ni bora kuliko kisu kwa sababu tundu linabaki la mviringo na halipasuki.

Mfuniko uache umefungwa. Utoboe katikati, pitisha waya wa kufungia, kunja ncha kwa ndani. Waya uwe na urefu wa sentimita 30 hadi 40.

Kama una rangi ya njano iliyobaki, paka theluthi ya chini ya chupa za hamira. Nzi hawa huvutwa na rangi ya njano. Sehemu ya juu iache wazi: nzi aliyeingia huruka kuelekea kwenye mwanga, akagonga plastiki, akachoka na kuanguka majini.

Chambo cha hamira, kwa ajili ya majike

Kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu weka vijiko vikubwa viwili vya hamira ya kuumulia maandazi na kijiko kimoja cha sukari. Koroga, funika kwa kitambaa, acha usiku kucha mahali pasipo jua. Asubuhi kitakuwa kimefura na kunuka. Tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na ukoroge taratibu. Sabuni hulegeza uso wa maji. Bila hiyo nzi hutua juu, hunywa, akaruka zake. Ila isizidi, na isiwe yenye manukato makali, maana itafunika harufu unayoitaka.

Kila chupa inataka kama robo lita, yaani maji yafike sehemu ya njano na kubaki mbali na matundu.

Penye pombe ya kienyeji, machicha yake ni mazuri na hayagharimu kitu. Yachemshe kwa moto mdogo kama nusu saa ili kileo kiondoke, yaache yapoe, yachuje, ongeza maji kiasi mpaka yawe mepesi, kisha sabuni. Wanaotengeneza chambo cha protini viwandani hutumia mali ghafi hiyohiyo, mabaki ya hamira ya bia. Madukani pia vipo vidonge na vimiminika vya protini; hudumu zaidi na hukamata zaidi kuliko hamira ya nyumbani, na mwenye shamba kubwa la biashara nadhani atumie hivyo. Mwenye miti 10 hana haja.

Usiweke asali, usiweke molasi nyingi. Utakamata nyuki, na nyuki unawahitaji wakati mwembe unapochanua.

Chambo hiki hakivuti kutoka mbali. Nguvu yake ni ya mita chache, pengine mti uliopo na wa jirani yake. Kwa hiyo idadi ni muhimu: natundika mtego mmoja kwa kila miti miwili, na kwenye miti ya pembeni mwa shamba, hasa upande wa kichaka, kila mti na wake. Ukilinganisha na chupa zenye kivutio cha madume utaona hizi zina nzi wachache, pengine watano, pengine 15 kwa wiki. Usivunjike moyo. Wahesabu walio majike. Utawajua kwa ncha kali kama mwiba nyuma ya tumbo. Dume nyuma ni mviringo. Kila jike mmoja aliyemo humo angetaga mamia ya mayai maishani mwake.

Kivutio cha madume

Hiki ni methili eujenoli. Wauzaji wengi hufupisha kwa herufi ME. Kwa dume la Bactrocera dorsalis mvuto wake ni mkubwa ajabu, analifuata kutoka mamia ya mita. Lipo pia kiasili kwenye mafuta ya mimea kadhaa, ikiwemo baadhi ya mirehani. Ceratitis cosyra hashughuliki nalo kabisa, kwa hiyo shamba lenye nzi wa mabawa ya madoa litategemea hamira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nzi huyu wa Asia alitokomezwa kisiwa cha Rota, katika Bahari ya Pasifiki, kwa kivutio hiki peke yake: vipande vya ubao laini vilivyolowekwa methili eujenoli na sumu vilidondoshwa kwa ndege kisiwa kizima, awamu baada ya awamu, mpaka majike yakakosa dume. Ndiyo maana watu husifu dawa hii. Lakini Rota ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na bahari. Shamba langu limezungukwa na mashamba. Dume mmoja aliyebaki hupanda majike mengi, na jike aliyekwisha kupandwa huko kwa jirani huja kwangu na mayai yake tayari. Kivutio cha madume kinapunguza kizazi kijacho, na kinafaa sana kikiwekwa mapema na watu wengi kwa pamoja. Embe lililoko mtini leo hakililindi.

Namna ya kukiweka: chukua chupa kavu, kama zile za juu lakini bila rangi. Ndani yake ning'iniza kwa waya kijiti, kipande cha sponji au kidonge kilicholowekwa kivutio, kikae usawa wa matundu. Vingi vya madukani huja na kiua wadudu ndani yake tayari. Kama chako hakina, weka maji ya sabuni kimo cha vidole viwili chini ya chupa. Vaa glavu, usishike kwa mikono mitupu na usikivute puani kujaribu harufu. Tone likidondoka nje ya chupa, lifute vizuri sana, la sivyo madume yatajazana nje kuzunguka doa lile na hayataingia. Kwa sababu hiyohiyo andaa chambo cha hamira siku nyingine, au kwanza, kabla mikono na vifaa havijashika hiki kingine.

Mmoja kwa kila miti minne unatosha. Kwa miembe iliyopandwa mita 10 kwa 10 ni kama mitego 10 kwa ekari. Kidonge hudumu wiki nne hadi nane kufuatana na jua na upepo. Andika tarehe juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika.

Wanaolima matango, maboga na matikiti wafahamu kuwa nzi wao ni mwingine, Zeugodacus cucurbitae, na dume wake huvutwa na kivutio tofauti. Ukinunua ME kwa ajili ya matikiti umepoteza fedha.

Mahali pa kutundika

Mtego ukae ndani ya mwavuli wa mti, kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, upande wenye kivuli lakini penye mwanga unaopenya. Jua kali hukausha chambo na kuunguza kivutio. Giza totoro la katikati ya mti nalo nzi hawalipendi. Ondoa majani yanayogusa chupa, acha nafasi ya kiganja kimoja kila upande, ila majani mengine yaendelee kuwa karibu, kwani nzi hutua kwanza kwenye jani kabla ya kuingia.

Paka grisi kwenye waya, sehemu ya katikati. Hii ni kwa ajili ya sisimizi na hasa maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Wasipozuiwa huingia na kubeba nzi wote, ukaja ukakuta chupa tupu ukadhani shamba ni salama. Lakini naomba sana: grisi iishie kwenye waya. Usiwaue maji moto wala kuchoma viota vyao. Nzi jike huogopa harufu wanayoiacha juu ya tunda, na mwembe wenye maji moto wengi hutobolewa kidogo kuliko mwenzake. Wanauma wakati wa kuchuma, ni kweli. Paka majivu mikononi na uchume asubuhi na mapema.

Lini

Mapema kuliko unavyodhani. Kwetu msimu mkubwa ni Novemba hadi Januari, na mimi hutundika vivutio vya madume tangu miembe inapochanua. Chupa za hamira zinafuata maembe yakiwa na ukubwa wa yai la kuku, wiki nane hadi 10 kabla ya kuchuma. Anayesubiri aone embe la kwanza lenye funza amechelewa kizazi kimoja kizima.

Mzunguko wa kila wiki

Hapa ndipo wengi wanapoacha. Chagua siku moja, mimi ni Jumamosi, uwe na ndoo, chujio la chai la zamani, chambo kipya na daftari.

Mwaga kila chupa kupitia chujio, hesabu nzi, tenganisha madume na majike kwa macho tu, andika. Chambo cha hamira hubadilishwa kila wiki. Ukipitisha siku 10 huanza kunuka uvundo na nzi hupungua. Chambo cha zamani usikimwage chini ya mti, maana harufu yake itashindana na mtego wako. Kikusanye kwenye ndoo, kipeleke shimoni nje ya shamba. Suuza chupa, jaza, rudisha, gusa grisi kuona kama bado inanata. Baada ya mvua kubwa pita hata kama si Jumamosi, kwani maji yakipanda hadi kwenye matundu chambo huzimuliwa na nzi hutoka.

Kwenye daftari tumia hesabu moja tu: jumla ya nzi, gawa kwa idadi ya mitego, gawa tena kwa idadi ya siku. Mitego minne iliyokamata nzi 140 kwa siku saba ni nzi watano kwa mtego kwa siku. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Linganisha wiki na wiki, hesabu ya hamira kivyake na ya madume kivyake. Majike yakiongezeka wiki mbili mfululizo wakati maembe yanakaribia kukomaa, mitego pekee haitoshi. Ongeza chupa, okota kila siku, na upulizie chambo cha protini kilichochanganywa na kiua wadudu kiitwacho spinosadi kwenye kipande cha majani cha kama mita moja ya mraba kwa mti, chini ya majani na mbali na matunda. Soma kibandiko, fuata kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Kupulizia mti mzima sumu ya kawaida siungi mkono. Funza yumo ndani ya embe na sumu haimfikii, maji moto na nyuki ndio wanaokufa, na mlaji anapelekewa mabaki.

Mwenye mwembe mmoja au miwili uani anaweza kuacha yote haya na kufunga kila embe kwa mfuko wa gazeti tangu likiwa dogo. Ni kazi ya siku mbili, na hakuna nzi anayepita hapo.

Nje ya uzio

Mwembe hauzai mwaka mzima, lakini nzi anaishi mwaka mzima. Msimu ukiisha huhamia kwenye mapera, machungwa, mastafeli, na kwenye mikungu. Mkungu tunaupanda kwa kivuli, watoto hula kungu, na hatukumbuki kuwa ni miongoni mwa matunda anayoyapenda sana. Mpera na mkungu vilivyo karibu na shamba lako vitundikie mitego miezi miwili kabla miembe haijachanua, na okota yanayoanguka chini yake pia.

Zungumza na jirani. Kivutio cha madume chenye nguvu, kikiwekwa kwako peke yako mpakani, kinavuta madume ya mashamba yote yanayokuzunguka. Kwetu tumekubaliana watu saba, tunatundika wiki moja na kununua ME kwa pamoja. Mzee mmoja mwenye Dodo za tangu enzi za baba yake alikataa misimu miwili. Tukawa tunamwokotea maembe yake yaliyoanguka kwa ridhaa yake, vijana wakigawana zamu. Msimu wa tatu alikuja mwenyewe kuomba chupa.

Ukimaliza kuchuma, teremsha chupa za hamira, zioshe na sabuni, zianike na uzihifadhi kivulini. Plastiki iliyoachwa juani hupasuka msimu unaofuata. Vivutio vya madume viwili au vitatu viache mpakani hadi mvua za masika, uendelee kuandika namba zake kwenye daftari, kisha uvihamishie kwenye mkungu.